Faili Uliloliita Kuondoka

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu za wote waliomo humu ndani, na za majirani wanaokukumbuka, ambao si haba. U hali gani? Kile kikohozi ulichokitaja kimekuachia? Na ngozi ya kigutu cha mguu, bado inachubuka upande wa ndani, au ile poda niliyokuelekeza imesaidia? Sisi huku tu wazima, kwa kadiri ya uzima wa watu wenye kazi. Wifi yako anakusalimu sana, na ameniamuru safari hii nisikuandikie kama mtu anayejaza fomu. Watoto wamerefuka, yule wa kwanza sasa ananifika sikioni na anavaa viatu vyangu bila kuomba. Baba yupo. Usiikunje barua kwa neno hilo, Dada. Kwenye simu nikimtaja tu, mtandao wako hukatika papo hapo. Sijui ni mtandao gani huo wenye masikio ya kuchagua maneno. Ndiyo maana nimeamua kukaa chini niandike, maana karatasi haina kitufe cha kukatia.

Ujumbe wako niliupata. Mguu umepasuka chini ya goti, unataka mwingine kwa vipimo vilevile, utumwe kwa basi kama kawaida. Maneno kumi na matano, niliyahesabu, unanijua. Tangu uondoke nimekutengenezea miguu mitatu ya bandia, na kila mmoja umeuagiza kwa maneno yasiyojaza kiganja, tena kwa anwani ya karakana, si ya nyumbani. Mimi si duka, Dada. Mimi ni mtoto wa mama yako mzazi. Nilitaka kuyasema haya mapema ili yasinikae kooni, sasa nimeyasema.

Mguu huo haujaanza kutengenezwa. Nitakueleza sababu, na nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanikasirikia, kwa kuwa lipo la kukasirikia na liko huko mbele.

Karakanani tumepata mkuu mpya, mama mmoja mtulivu, asiyepandisha sauti wala kurudia neno. Ameleta kompyuta mpya, maana ile ya zamani ilikuwa inakoroma kuliko wagonjwa. Kabla ya kuhamisha chochote akaagiza kitu kinachoonekana chepesi: ichapishwe orodha ya mafaili yote yaliyomo kwenye folda la vipimo, kila fundi apite na kalamu, atie tiki penye faili la mtu anayetuhitaji bado. Yenye tiki yatahamishwa. Yasiyo na tiki yatafutwa pamoja na mashine nzee. Fundi mmoja akanung'unika kwamba nafasi ipo tele kwenye kompyuta mpya, kwa nini tusibebe yote. Mkuu akajibu kwamba suala si nafasi. Umbo la mwili wa mtu si mali ya karakana, akasema, na asiyetuhitaji tena hatuna haki ya kukaa na mguu wake kabatini. Nilikuwa nimejiandaa kumpinga, nikarudi kwenye kazi yangu.

Sasa kumbuka Mzee Kipimo na majina yake. Wewe huwezi kumsahau, yeye ndiye aliyekutengenezea mguu wa kwanza, na ndiye aliyenipa mimi ufagio kabla ya kunipa msumeno. Mimi karakana ile sikuletwa na cheti wala mjomba. Nililetwa na wewe, nilipokuwa nakusindikiza mazoezini, nikaona heri kufagia vumbi la plasta kuliko kukaa kwenye benchi nikitazama saa. Toka ufagio nikapewa ndoo, toka ndoo nikapewa bandeji, na hapa nilipo hakuna aliyenibeba. Basi yule mzee alikuwa na sheria yake: jina la mtu lisiandikwe kwenye faili, kwa kuwa kigutu si jambo la kutangaza. Akimfunga mteja bandeji humwuliza, mguu huu unataka ukufanyie nini? Jibu la mteja ndilo jina la faili. Ndiyo maana folda letu lina kupanda-ngazi, kubeba-mjukuu, kusimama-ubaoni, na mmoja mwenye hasira aliyeandikisha kukimbiza-mbuzi-wa-jirani, na nasikia alimkamata.

Ile mashine ya kupiga picha umbo la kigutu ilipofika, wewe ulikuwa wa kwanza kukalia kiti chake. Mzee akakuuliza swali lake. Nilikuwa nimesimama pembeni na ndoo. Ukasema: kuondoka. Akaandika vivyo hivyo, bila kuinua uso. Miezi miwili baadaye ukaondoka.

Kazi ya kuchapisha orodha alipewa karani wetu, tunayemwita Chapuchapu kwa sababu hamalizi kuambiwa kabla hajaanza. Akafungua folda, akatafuta mahali pa kuchapishia majina, hakuona. Akaona la maana ni kuyashika mafaili yote na kubonyeza chapisha. Kompyuta ikakataa mengi kwa mpigo, naye hakukata tamaa, akayagawa mafungu na kuyatuma moja moja. Jambo moja ulielewe: yeye anakaa ofisi ya mbele, na printa iko kwetu nyuma, chumba cha kupimia. Alichokuwa anakituma hakukiona.

Nilikuwa na mteja kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, mwalimu mstaafu wa hesabu, anajifunza kukanyaga upya. Printa ikaguna, ikatoa karatasi. Ikatoa nyingine, na nyingine. Sikujali, macho yangu yalikuwa kwenye goti la mwalimu. Nilipogeuka, trei ilikuwa imefurika na karatasi zinateleza sakafuni, na kila karatasi ina kigutu: kigutu cha kutoka mbele, kigutu cha kutoka ubavuni, na vipimo vimepangwa pembeni toka juu hadi chini. Kumbe Chapuchapu alikuwa hachapishi orodha ya mafaili. Alikuwa anachapisha mafaili yenyewe, mguu baada ya mguu. Mwalimu akainamisha kichwa akatazama sakafu ilivyojaa, akaniuliza kama wenzake wote wameitwa waje kumshuhudia akianguka. Nikamwambia asimame wima asiniharibie mkutano. Akacheka hadi nikamshika kiunoni. Nikapiga kelele kwenye ukumbi, Chapuchapu, acha! Akanijibu toka huko niwe na subira jamani, orodha ni ndefu, hata nusu hajafika. Mwisho nikaing'oa waya ya printa ukutani.

Nilipoinama kuziokota kicheko kilinikauka. Karatasi hazikuwa na majina ya watu, lakini niliwajua, mmoja mmoja, kama unavyomjua mtu kwa mwendo akiwa bado mbali. Huyu mpishi, mfupa wake unasukuma mbele. Huyu kocha wa mpira. Huyu wa kubeba mjukuu; alimbeba mwaka mzima, kisha akafariki, Mungu amrehemu. Wifi yako huniambia kila siku kwamba nawasahau watu sura na kuwakumbuka vigutu, na kwamba nikimpoteza sokoni nitawauliza wauzaji juu ya goti lake.

Kisha nikakushika wewe.

Sikuhitaji kusoma kilichoandikwa chini. Lile bonde la upande wa nje, ngozi ilipovutwa ikashonwa kwa haraka, nimelizungushia plastiki mara tatu kwenye umbo la plasta, kwa mikono yangu hii. Nikaangalia namba. Mzunguko chini ya goti, sentimita thelathini na moja na nusu. Ni vipimo vya msichana wa miaka ishirini na moja, Dada, ambaye misuli yake ilikuwa haijajua bado kwamba kazi imekwisha. Wewe leo una thelathini na minane. Uliniambia mwenyewe kwamba sasa unavaa soksi sita ndani ya mguu ule ili usicheze. Sita! Kwetu mteja akifika tatu tunamwita arudi kupimwa. Miguu yote niliyokutumia nimeitengeneza kwa kubahatisha, nikipunguza milimita mbili hapa, tatu pale, kama fundi cherehani anayemshonea mtu aliyemwona kwa mbali. Ndiyo maana unachubuka. Nilijua hivyo, na nikaendelea kutuma kwa sababu uliendelea kuagiza.

Mkuu alikuja mwenyewe, akapiga magoti pamoja nasi akaokota, akasema mwili wa mtu haukanyagwi hata ukiwa wa karatasi. Zote zikaenda kukatwakatwa. Yako nikaikunja nikaitia mfuko wa koti. Hilo nalo si halali, lakini nimekuwa karakanani muda wa kutosha kujua mfuko upi haupekuliwi.

Kesho yake akaletwa fundi wa kompyuta, bwana mnene mwenye soda mkononi, akasema folda halina kitufe cha kuchapisha majina, msimlaumu karani. Akafungua dirisha jeusi, akaandika herufi tatu na alama kama mshale, akaiagiza kompyuta iyamwage majina yote kwenye ukurasa mmoja wa maandishi. Akachapisha. Mia nne na kumi na mbili, kurasa tisa, bila kigutu hata kimoja. Akasema katika kazi yake hajawahi kuona ofisi ambayo karibu wateja wote wanaanza na herufi K. Tukamwacha acheke. Kwa kuwa mafundi wengine ni wapya na hawawajui watu wa zamani, kurasa zote tisa nikapewa mimi nije nazo nyumbani, nizirudishe Alhamisi, maana Ijumaa mashine nzee inafutwa.

Nikafika, nikaweka orodha mezani, na karatasi yako juu yake, nikaenda kunawa. Niliporudi, Baba alikuwa ameishika.

Hapa nivumilie, nitaandika na yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu hatujawahi kuyaweka mahali pamoja. Humu ndani miaka yote tumeishi na maelezo ya aina moja. Lori lilikuwa linarudi nyuma uani kwa tajiri, wewe ulikuwa umempelekea Baba chakula, Baba akapiga honi mara mbili, hukusogea. Hivyo ndivyo alivyomwambia tajiri, na tajiri akaridhika, na Baba akabaki na usukani wake, na usukani ule ndio uliotulisha. Wewe ulisema hakukupigwa honi. Ulisema mara moja tu, kitandani hospitalini, yeye akiwa amesimama miguuni pako. Hakukujibu, nawe hukurudia. Ulipopata mguu wa kukushusha ngazi peke yako, ukatushusha na sisi mgongoni.

Basi Baba alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, ameisogeza mbali na uso kwa sababu ya macho yake, anaigeuza. Alidhani ni mchoro wa kipuri. Akaniuliza ni cha gari gani hiki, na mbona kimeungua upande mmoja. Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka, na pengine nilikuwa na uchungu wangu pia, nikamjibu tu kwamba huyo ni Dada.

Hakuiweka chini. Akaketi. Akaniuliza namba zile ni za nini, nikamwonyesha: hapa chini ya goti, hapa sentimita tatu chini yake, hapa tena, hadi mwisho. Akaniuliza mwisho ni wapi. Nikaweka kidole. Akauliza kama ni hapo tu, nikasema ni hapo. Ujue, Dada, hakuwahi kukiona. Hospitalini kilikuwa kwenye bandeji, nyumbani ulivaa nguo ndefu, kisha ukaenda. Mtu mzima wa miaka sabini na tano ndiyo kwanza anaoneshwa mguu wa binti yake kwenye karatasi, na mfuniko wa sufuria uko mkononi mwa wifi yako aliyetokea jikoni, naye hajui auweke wapi.

Akapitisha kidole kwenye namba zote, toka juu hadi chini. Kisha akasema hakupiga honi.

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Alikuwa amechelewa, amekasirishwa na msimamizi wa ua, akaingiza gia akarudi nyuma bila kutazama na bila honi. Tajiri alipouliza, mdomo ukasema mara mbili. Mdomo ulisema wenyewe, akasema, na baada ya hapo ukawa hauwezi kurudi. Akawaambia majirani, akawaambia ndugu, akaniambia mimi, hadi ikafika siku akaanza kuisikia honi yenyewe, waziwazi, mara mbili, na kwa miaka kadhaa aliamini kweli kwamba wewe ndiye uliyekosea. Akasema alipokiona kile kigutu kwenye karatasi, akasikiliza, na hakusikia kitu.

Nilipandwa na hasira, sikufichi. Nikamwuliza kwa nini ananiambia mimi fundi badala ya mwenye mguu. Akasema mwenye mguu hayupo. Nikamwambia njia ya kumfikia ipo, mabasi yanakwenda kila asubuhi, miguu yangu mitatu imepanda mabasi hayohayo. Akaniuliza angekwenda kwa uso upi. Wifi yako akaingilia kati, akaniambia nimwache mzee apumue. Baba akanikataza jambo moja: nisikuandikie kwamba anaomba radhi. Akasema radhi haitumwi na mtoto; ataisema mwenyewe au atazikwa nayo. Kwa hiyo radhi sikuandikii. Nakuandikia nilichokisikia kwa masikio yangu mezani pangu, kwamba hakupiga honi, na kwamba ulichokisema kitandani kilikuwa kweli tupu.

Sasa nifike kwenye langu.

Jumatano nilikaa na zile kurasa tisa. Nilitia tiki mtu kwa mtu. Mpishi, tiki. Kocha, tiki. Hata yule wa mbuzi, ambaye hajaonekana siku nyingi, nilimtia tiki kwa sababu huwezi jua mbuzi ataanza lini tena. Waliofariki niliwaacha, nikiwaombea kimoyomoyo. Kwenye ukurasa wa tano kulikuwa na kuoka-mikate, kisha kuolewa, kisha kuondoka, kisha kuosha-magari. Kuoka mikate nilitia tiki. Kuolewa nilitia tiki. Ameshaolewa, ana watoto, lakini mguu bado anauhitaji. Kuosha magari nilitia tiki. Wewe nilikuruka.

Kalamu haikuteleza, na Chapuchapu hakuhusika. Niliacha nafasi yako tupu nikiwa na akili zangu zote. Alhamisi nikarudisha kurasa, mkuu akazipitia, akauliza juu ya majina mawili matatu, hakuuliza juu yako. Ijumaa saa nne mashine nzee ikafutwa mbele yangu. Faili lako halipo tena, Dada, si karakanani wala kwangu. Ile karatasi moja iliyobaki haitoshi kutengenezea kitu, ni picha ya pande mbili tu, na zaidi ya hayo Baba hajanirudishia.

Kama fundi ninayo sababu, na ni ya haki: vipimo vile vilikuwa vimekufa, na mguu wa nne kutoka humo ungekutoboa ngozi. Hilo ningeweza kukuambia kwa simu nawe ungenielewa. Lakini sikufanya kwa sababu hiyo peke yake. Nilifanya kwa sababu nimechoka kuwa daraja ambalo watu wawili hawalipiti. Yeye huniuliza kila ukituma ujumbe, ameandika nini? Mimi humjibu, ameandika mguu. Naye husema, aa, vizuri, na kurudi chumbani. Nilijua kwamba maadamu kompyuta ina umbo lako, hutakuwa na haja ya kuleta mwili. Nikaliondoa. Wifi yako nilipomwambia alinitazama akasema mimi na Baba tumefanana hadi inatisha, wote wawili tumekurudia nyuma bila kupiga honi. Nimelala na maneno hayo siku mbili sasa. Ana haki, na wewe una haki ya kuniita jina lolote.

Sikufungi, hata hivyo. Nimempigia yule fundi wa huko aliyekuwa anakufungia bolti. Anasema karakana ya mji wenu nayo sasa ina mashine kama yetu, na watakupima wiki hiihii ukitaka. Nimemsomea aina ya wayo unaoutumia na urefu wa bomba, amekwisha andika. Ukienda kwao utapata mguu mzuri, pengine mzuri kuliko wangu, na hutalazimika kumwona mtu. Nakuambia ili usije ukadhani nimekuacha bila pa kukanyaga.

Lakini ukija huku, njoo na ule uliopasuka, hata kama umekuwa vipande viwili, nataka kuona ulivyolika. Njoo na soksi zote sita. Nitakupima asubuhi kabla kigutu hakijavimba kwa safari na joto, kwa hiyo ulale kwanza, tupime kesho yake. Kuchonga, kuvuta plastiki, kufunga na kusawazisha mwendo kutachukua wiki moja, na mazoezi kidogo juu yake. Utalala hapa. Wifi yako ametoa cherehani kwenye chumba cha mbele, amepanga kitanda upande usio na kizingiti. Bafuni nimekaza vyuma vya kushikilia; nilivijaribu kwa uzito wangu, na mimi sasa si mwepesi.

Limebaki moja, nalo nimelikalia toka nianze kuandika. Jana nilimwambia Baba kwamba faili lako nimelifuta. Akauliza kama maana yake utakuja. Nikamwambia maana yake ama utakuja, ama utatukata kabisa, sijui ipi. Akarudi chumbani kwake. Leo asubuhi nimekuta begi lake limesimama mlangoni, mashati mawili, dawa zake za presha na redio. Amempigia shangazi na kumwuliza kama atampokea kwa siku kumi. Anasema wewe uje upimwe kwa raha zako, ulale, ule, uzoee mguu, na yeye asiwepo; hataki uingie nyumba ya marehemu mama yako ukiwa unapiga hesabu ya mlango upi anatokea. Ananitaka nikuulize wewe, aende au abaki. Shangazi amemfokea sana kwenye simu, akamwambia mzee mzima anakimbia kwake kama mtoto aliyevunja sahani. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwuliza tena kama kitanda kipo.

Hajanituma nikushawishi, nami sitakushawishi. Ukisema aende, nitampeleka kwa shangazi mwenyewe alfajiri ya siku utakayofika, na hutakuta hata kandambili yake. Ukisema abaki, sijui atakuambia nini. Nimemwuliza, kwa sababu nilitaka nikuandikie. Akasema hajui, atajua ukishaingia.

Wifi yako anakusalimu tena, na watoto, na mwalimu wa hesabu ambaye hakujui lakini amesikia habari zako na anasema wenye miguu ya plastiki wanapaswa kutembeleana. Nakuombea ngazi chache na sakafu kavu, popote barua hii itakapokukuta.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
fundi.